Kona ya Dada: Kabla Hujanunua Springi, Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa Maretadu, barua yako nimeisoma mpaka mwisho, hadi pale ulipoandika kwa herufi kubwa kwamba UMECHOKA. Nakuelewa. Hilux mmeinunua mkononi wewe na shemeji kwa hela ya vitunguu, msimu wa kwanza haujaisha, mbele kushoto panagonga. Fundi kabadilisha shokapu zote mbili za mbele, mlio uko palepale. Sasa anataka springi. Ulipomuuliza kama springi ndiyo mwisho wa safari, akakujibu "tutaona".

Kwa hiyo "tutaona" nimeweka kando barua zote za toleo hili zisizo za magari, ikiwemo ya binti anayeuliza kama akubali posa ya mwanaume mwenye madeni ya mikopo ya simu. Wewe binti, nisubiri toleo lijalo, na usimpe mtu jibu lolote mpaka hapo.

Turudi kwenye gari. Fundi anayebadilisha kifaa kimoja baada ya kingine hajajua kinachogonga. Anakitafuta kwa pesa yako. Lakini tusimbebeshe lawama zote. Mteja anayefika gereji na neno moja tu, "inagonga", naye kamwachia mwenzake abahatishe. Leo nataka ujue kumpelekea fundi maelezo badala ya malalamiko, na hatua za mwanzo uzifanye mwenyewe hapo uani bila kununua hata nati.

Anza kwa kushusha kila kitu kilichomo kwenye bodi na nyuma ya siti. Usicheke. Milio mingi inayosingiziwa springi haimo kwenye springi kabisa, maana bodi tupu la bati hukuza kila kishindo kinacholigusa. Spea tairi ya Hilux inaning'inia chini ya bodi kwa mnyororo. Mnyororo ukilegea kidogo, tairi linapiga chesisi kwenye kila shimo, na ukiwa ndani utaapa kwamba ni springi ya nyuma. Jeki isiyofungwa nayo inacheza. Mlango wa nyuma wa bodi ukiwa na ndoano iliyolegea unapiga kelele barabara nzima, hasa penye vipande vya changarawe vilivyojaa vijituta vidogo vilivyopangana, ambavyo kwenu huko havikosekani. Ingia chini utikise bomba la ekzosi kwa mkono, injini ikiwa imepoa. Mipira yake ya kuning'inizia ikikatika, bomba linagonga chini ya sakafu. Bana kila kitu kwa kamba au kipande cha kitambaa, kisha endesha njia ileile. Kama mlio umekwisha, nenda kapike, kazi imeisha.

Kama bado upo, sasa usikilize kwa akili. Usiniambie unasikikaje, maana "tak" ya mtu mmoja ni "duu" ya mwingine. Niambie unatokea lini.

Gari likiwa limesimama ukakata steringi kulia na kushoto, kitu kikalia chini, mawazo yaende kwenye boljointi, tairodi na mahali steringi raki ilipofungwa. Ukikanyaga breki kikagonga mara moja, ukarudi nyuma ukakanyaga tena kikagonga mara moja, hapo gurudumu linasogea mbele na nyuma mahali ambapo halipaswi kusogea: bushi za mikono inayoshika gurudumu, ile mafundi wanayoiita wishboni, au kalipa iliyolegea bolti. Ukiachia klachi gari likaondoka na kishindo kimoja cha katikati au nyuma, tazama krosi za propela na yu-bolti za springi za nyuma. Na ule mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda uko mbali na springi. Hiyo ni beringi ya gurudumu, au ni tairi lenyewe. Msimu wa mvua kuna mchezo mwingine: udongo ule mzito unakaukia ndani ya rimu, gari linatetemeka, mtu anakimbilia kununua vifaa. Osha rimu kwanza, upande wa ndani.

Kuna kipimo kimoja nakipenda kuliko vyote kwa sababu hakihitaji spana. Tafuta tuta fupi, lipite polepole magurudumu yote mawili ya mbele yakipanda pamoja. Halafu tafuta kipande cha ubao, kipite kwa gurudumu la kushoto peke yake, kisha la kulia peke yake. Gari likinyamaza magurudumu yanapopanda pamoja, likagonga linapopanda moja, mshuku stebilaiza, kile chuma kinachopita mbele kuunganisha kushoto na kulia. Magurudumu yote mawili yakipanda sawa chuma hicho hakina kazi, kwa hiyo linki na bushi zake zinatulia. Likipanda moja kinajipinda, na palipolika panasema. Fundi anaweza kufungua linki zote mbili, akafunga chuma kisiguse kitu, mkajaribu gari taratibu mahali tambarare. Mlio ukiondoka mmempata mwizi, na bado hamjatoa hata shilingi. Bushi za stebilaiza ni miongoni mwa vifaa vya bei ndogo kabisa katika gari hilo. Watu wamenunua springi nne kwa sababu yake.

Kwenye barua yako, hata hivyo, kuna mambo mawili uliyoyatupia mwishoni kama ya kupita tu, na kwangu mimi hayo ndiyo barua yenyewe. Umesema mlio unazidi ukikata kona kuingia uani. Na umesema tairi la mbele kushoto "limeanza kuisha upande wa ndani". Mdogo wangu, shokapu mbovu hailili tairi namna hiyo. Shokapu ikifa, tairi linadundadunda na kulika kwa mabaka, hapa kipara, hapa pana meno. Tairi linaloisha ukingo wa ndani peke yake linakwambia gurudumu halijasimama wima, au linatazama kusikotakiwa. Kuna kitu kinacholishikilia kimelika au kimepinda. Fundi alipofungua tairi hilo kuweka shokapu mpya, alilishika mikononi. Angelitazama.

Sasa mwite shemeji au utingo wenu, hii inataka watu wawili. Gari likae mahali tambarare na pagumu, handibreki juu, mawe au magogo nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma. Jeki usiiweke popote tu. Hilux zenye springi ya duara mbele, kama ile iliyoanza kutoka 2004 mnayoiita Vigo, springi inakandamiza mkono wa chini. Ukiinua gari kwa chesisi, springi inausukuma mkono huo chini na boljointi inabanwa, huoni kitu hata kama imekufa. Jeki ikae chini ya mkono wa chini wenyewe, karibu na gurudumu, mpaka tairi lipande juu ya ardhi kiasi cha vidole viwili. Kisha weka stendi au gogo imara chini ya chesisi. Jeki peke yake haiaminiki, na hakuna mlio unaostahili mkono wako.

Shika tairi juu na chini, juu vuta chini sukuma, kisha kinyume chake. Ukisikia "tok" na kuona gurudumu linacheza, usishangilie bado, maana beringi na boljointi zinacheza vilevile. Hapo ndipo kazi ya shemeji inapokuja: akae ndani akanyage breki kwa nguvu huku wewe unaendelea kutikisa. Breki inalibana gurudumu na kile linalozungukia kuwa kitu kimoja. Mchezo ukipotea, ilikuwa beringi. Mchezo ukibaki, ni boljointi. Ni dakika mbili, na zingewaokolea bei ya shokapu mbili.

Baada ya hapo shika tairi kushoto na kulia. Likicheza hivyo, mtu mwingine aweke vidole kwenye maungio ya tairodi wakati unatikisa, atausikia mchezo mkononi kabla jicho halijauona. Halafu chukua nondo au pao, ingiza kati ya gurudumu na mkono wa chini, nyanyua kwa upole. Boljointi nzima haipandi wala kushuka. Tazama na mpira wake wa kufunika: ukichanika, grisi inatoka, vumbi na maji vinaingia, na kuanzia hapo kifaa kinajisaga chenyewe.

Nakukalia kooni kuhusu boljointi kwa sababu vifaa vingine vinakuudhi, hiki kinaua. Bushi ikiisha gari linapiga kelele na kula matairi. Boljointi ikichomoka, gurudumu linalala chini ya gari nawe uko mwendoni. Kama kuna mlio mmoja katika barua zote mnazoniandikia ambao sitaki mtu auzoee, ni huo.

Tukiwa hapohapo chini, tuhamie nyuma, maana najua nyuma ndiko vitunguu vinakokaa.

Springi za nyuma za pikapu ni bapa, zimepangwa moja juu ya nyingine, zimeshikwa katikati na senta bolti moja nyembamba, halafu yu-bolti mbili kila upande zinazibana kwenye ekseli. Yu-bolti zikilegea, mzigo wote unaishia kwenye senta bolti, ambayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Inakatika. Ekseli inateleza kidogo nyuma au mbele upande mmoja, na gari linaanza kutembea kiubavu. Mtu aliye nyuma yako barabarani anaona wewe huoni. Pima kwa kamba kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, kushoto na kulia, steringi ikiwa imenyooka. Vipimo vikipishana wazi, tafuta sababu kabla ya safari nyingine. Springi zikifunguliwa kwa sababu yoyote, yu-bolti za zamani zisirudi, maana zimeshavutika. Mpya nazo zikazwe tena baada ya gari kutembea siku chache na mzigo. Hili la kukaza tena ndilo linalosahaulika kila gereji.

Kagua kila springi kwa tochi, hasa ile ndefu ya juu karibu na kishikio chake na karibu na zilipobanwa katikati. Mstari mwembamba wa kutu unaokatiza chuma ni ufa. Usidhani ni ubovu wa barabara za kwetu tu. Mwaka 2014 Toyota yenyewe, kule Marekani, iliyaita zaidi ya magari laki 6 aina ya Tacoma, pikapu inayokaribiana na Hilux, kwa sababu springi za nyuma ziliweza kuvunjika.

Hapa naomba tuongee kikubwa kuhusu lumbesa. Kanuni za vipimo zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamelisema hilo mpaka sauti zimewakauka. Hilux ni gari la takriban tani moja, ukiwemo wewe, shemeji, utingo na mama mliyempa lifti. Magunia 10 ya halali tayari yameijaza. Magunia 10 ya lumbesa, yale yaliyoshonewa kilemba juu, yameizidi, na ukiyapangia mengine matano kwa kuwa "mnadani Haydom si mbali" usiniandikie kuuliza kwa nini springi zinalia. Mkulima anaibiwa kwenye gunia na gari linavunjika kwa gunia hilohilo. Anayefaidi ni mnunuzi.

Na dawa wanayowapa wengi ni kuongeza springi. Nyuma inanyanyuka, dereva anajiona kamanda. Springi ulizoongeza hazikuongeza nguvu ya ekseli, wala ya beringi, wala ya chesisi. Mzigo umetafuta tu mahali pengine pa kuvunjia, na gari likiwa tupu linarusha kila bolti kwenye mashimo. Mimi sikushauri. Punguza gunia tatu.

Kuhusu ule mlio wa "nyii, nyii" wa nyuma, ambao msomaji mwingine wa upande wa Katesh ameniuliza, mara nyingi ni chuma juu ya chuma kikavu, au bushi za springi zilizokauka. Una namna rahisi ya kujua: chukua chupa ya maji, mwagia bushi moja, mtu atikise gari. Mlio ukinyamaza kwa muda, umepata mlalamikaji. Usiponyamaza, hamia inayofuata. Lakini nawaomba, jamani, acheni kumwagia springi oili chafu. Vumbi linaganda juu yake na kuwa msasa, na oili inazivimbisha bushi za mpira mpaka zinaharibika kabla ya wakati. Osha kwa maji na brashi. Gari lenye nipo za grisi kwenye pini za springi, kama Land Cruiser nyingi za kazi, lipigwe grisi mpaka ya zamani itoke pembeni, hasa baada ya mvua. Wengi wanamiliki nipo hizo miaka bila kujua zipo, zimefunikwa na tope.

Wewe kaka wa kirikuu, nimekuona. Ulichoeleza, yaani kitu kinachoruka "tang" mbele ukikata kona ukiwa mwendo mdogo, kwenye Suzuki Carry kinatokea sana juu ya shokapu ya mbele, kwa sababu kwenye gari hilo shokapu na springi vinazunguka pamoja na gurudumu. Mtu akate steringi, wewe weka kiganja juu ya springi, vidole mbali na mizunguko yake. Ikijipinda na kuachia ghafla, beringi ya juu imekwisha. Hiyo ni kazi ya gereji yenye kifaa cha kubania springi. Usikubali kijana akufungulie kwa kamba.

Turudi kwako, mdogo wangu, maana utaenda gereji na nataka uende mwenyewe. Shemeji aje kama anataka, lakini aliyesikia mlio ni wewe, na anayelipa ni nyote. Mwombe fundi apande gari, umpitishe pale panapogonga mpaka akubali kwamba naye kausikia. Akikataa kupanda kwa sababu "keshajua", shukuru, geuza gari. Mwambie: unapogonga ni hapa, unagonga hivi na haugongi vile, tairi limelika ndani, tulitikisa juu na chini, breki ikiwa imekanyagwa mchezo ulibaki au haukubaki. Fundi mzuri atafurahi, na wapo, kuanzia vijana waliopita VETA hadi wazee waliojifunza kwa kushika taa wakiwa watoto. Yule mwingine ataudhika.

Jambo moja la kumwomba, na ulisimamie kwa macho yako. Kama bushi za wishboni zinabadilishwa, bolti zake zisikazwe moja kwa moja gari likiwa limening'inizwa. Bushi ya mpira ikikazwa mkono ukiwa umelegea chini, gari likishuka mpira unajisokota na kubaki umesokotwa saa zote. Itachanika mapema, na utaambiwa ulinunua feki. Bolti zishikizwe tu, gari lishushwe likae kwa uzito wake, ndipo zikazwe. Baada ya hapo lipelekwe kupimwa alaimenti, hata kama ni mpaka Babati, la sivyo tairi jipya litaliwa kama la zamani.

Kifaa kilichotolewa ni chako, kidai ukione. Boljointi iliyokufa inazunguka ovyo na kucheza mkononi, nzima ni ngumu kuisogeza kwa vidole. Ukiona wametoa ngumu, uliza. Dai na risiti yenye jina la kifaa. Speya za mtumba sizikatai zote, chuma cha mtumba kutoka Japani mara nyingine kinazidi kipya cha bei poa, lakini boljointi na bushi za mtumba usinunue. Mpira unazeeka hata ukikaa dukani. Ukiuziwa bandia kwenye boksi la jina kubwa, Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia, na hapo risiti ndiyo itakayokusemea.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu. Springi usinunue. Boljointi ya chini kushoto ipimwe kwanza, kisha bushi za wishboni upande huohuo, kisha tairodi, na lolote litakalobadilishwa lifuatwe na alaimenti. Mpaka boljointi hiyo imetikiswa breki ikiwa imekanyagwa na mmejua hali yake, pikapu isibebe gunia hata moja, na mteremko wa Dareda isiuguse. Vitunguu kodisheni gari la jirani wiki hii. Halafu niandikie mlichokikuta.